Urefu wa Kebo

Wiki moja baada ya kumzika kaka yangu Nyanda, nilimpeleka baba kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikofia, nje kidogo ya Bariadi. Zamani kilikuwa cha ushirika. Biashara ya pamba ilipofunguliwa, mnunuzi binafsi alikikodi, akapunguza watu, na waliobaki wakafanya kazi za wote. Nyanda alikuwa fundi wa mashine. Akafanywa pia mzibuaji wa mnara wa vumbi.

Msimamizi, Januarius, alitupokea mlangoni.

"Mwadila, mzee Mahona."

"Mwadila. Nionyeshe."

Ndani, mnara ule ni chumba chembamba kisicho na dirisha. Kebo ilishuka kutoka gizani, na mwishoni mwake kulikuwa na kulabu nzito ya chuma, usawa wa kiuno changu. Juu ilifungwa kwenye boriti. Nyanda alianguka kutoka kwenye boriti hiyo.

"Boriti iko chini tu," Januarius alisema. "Mita tatu. Hiyo haiui mtu mzima, mzee, labda awe amekunywa. Ndivyo nilivyowaambia hata wenzenu siku ya mazishi, pale mlangoni mwa kanisa."

"Mwanangu aliacha pombe. Aliapa mbele ya mchungaji."

"Viapo vya vijana, mzee! Mimi mwenyewe nimeapa mara ngapi?"

"Mulika basi, tuione."

"Tochi haina betri."

"Na ngazi?"

"Imepelekwa Malampaka."

Baba akanigeukia. "Generoza, wewe unafundisha mambo haya. Iko juu kiasi gani?"

Nilikuwa na shahada mpya ya fizikia na saa ya mkononi. Tangu mazishi sikuwa nahisi kitu; nilikula nilipopewa, nililala nilipoambiwa. Nikaeleza kama darasani, kwa sauti iliyokuwa kama ya mtu mwingine. Kitu kinachoning'inia, ukikisukuma kidogo, muda wake wa kubembea haujali uzito. Unafuata urefu wa kamba. Kamba ndefu hubembea polepole. Ukiujua muda, umeujua urefu.

Nikaivuta kulabu kidogo, nikaiachia, nikahesabu mpaka kumi. Sekunde ishirini na nane kasoro. Nikapiga hesabu kiganjani kwa kalamu: kebo karibu mita mbili. Kutoka kulabu hadi sakafuni, mita moja.

"Tatu," nikasema.

"Si nilisema!" Januarius akapiga makofi. "Elimu haidanganyi!"

Baba akavua kofia. "Basi alikunywa," alisema.

Nilipaswa kuumia. Niliitazama tu kulabu kwa kuwa ilikuwa mbele yangu. Ilikwenda, ikakawia upande wa pili, ikarudi. Ilikuwa ya polepole mno kwa kebo ya mita mbili. Nikaelewa: kwenda nilikuwa nimekuhesabu moja, na kurudi mbili. Kosa hilohilo nimekuwa nikiwakatia wanafunzi alama muhula mzima. Kubembea mara moja ni kwenda na kurudi. Ukiukata muda nusu, urefu unatoka robo.

"Subiri, baba. Nimekosea."

"Aa, mwalimu, acha," Januarius alisema. "Jibu si umeshapata?"

Nikarudia. Safari hii nilihesabu pale tu kulabu iliporudi upande wangu. Sekunde hamsini na tano. Nikarudia tena, zikawa zilezile. Kebo mita saba na nusu.

"Boriti iko mita nane na nusu kutoka sakafuni," nikasema.

Januarius alisogeza nyuzi za pamba kwa kiatu.

"Kwa hiyo hakunywa?" baba aliuliza.

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Kebo haijui kama alikunywa, baba. Inasema tu kwamba kutoka kule hata asiyekunywa angekufa."

Akafikiri kidogo, akavaa kofia. "Inatosha, ng'wanone, mwanangu." Kisha akamgeukia msimamizi. "Jumapili utakuja kanisani kwetu."

"Kufanya nini, mzee? Mimi Mkatoliki."

"Utasimama palepale mlangoni. Uliwaambia tatu. Utawaambia nane na nusu."

Januarius alinitazama, kama mtu anayeomba apunguziwe. Sikuwa na cha kumpunguzia.