Palizi ya Nyanjige

Mahona aliyasema maneno yale katikati ya mkutano wa kijiji, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa hata anapokohoa.

"Ruzuku hii ya kaya maskini imewaharibu kina mama! Zamani kukipambazuka shamba langu limejaa majembe. Mwaka huu nimepiga hodi nyumba hadi nyumba, sipati mpalizi. Mtu anayepewa pesa akiwa amekaa, jembe atalishikia nini? Mwenyekiti, wavivu hawa waondolewe kwenye mpango, wapewe wenye shida ya kweli."

Watu wakacheka, wengine kwa kuafiki, wengine kwa kuwa msemaji ndiye aliyewaazima ng'ombe wa kulimia. Nyanjige, mjane wa marehemu Mboje, hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya kanga yake, mikono magotini, na alihisi ghadhabu ikimpanda kama maziwa yanayofura motoni.

"Mnamwona huyu Nyanjige?" Mahona alimwelekezea fimbo. "Kila masika alikuwa kwangu. Sasa hata salamu yake naipata kwa mbali."

Nyanjige akasimama. Hakuomba nafasi.

"Baba Mahona, nimekuheshimu tangu mume wangu yu hai, na leo nakuheshimu kwa kukwambia usoni. Ni masika gani uliyowahi kunikuta nimelala? Nimepalilia pamba yako na mtoto mgongoni, kwa debe la mahindi ambalo nusu yake pumba. Nilikuja kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na njaa ile uliijua, ukaingojea. Nikimaliza kwako, kwangu magugu ya ndago yamekwisha kuimeza pamba. Navuna kapu. Mwaka ukigeuka, njaa ileile inanirudisha mlangoni pako. Wewe unaiita kazi. Mimi sijui Mwenyezi Mungu anaiitaje!"

"Mwambie, mayu! Mwambie, mama!" sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyuma.

"Ruzuku sikuitafuna. Nilinunua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, nikayahifadhi. Nikanunua mbuzi. Mwaka huu njaa haikunitoa nyumbani, basi nalima kwangu. Huo ndio uvivu?"

Kicheko kilikatika. Mahona hakukasirika, alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko tusi.

"Analima kwake! Juzi nimepita hapo nikaona ndago zinacheza harusi. Au macho yangu yamezeeka, jamani?"

Kilichomchoma Nyanjige ni kwamba hakusema uongo mtupu. Binti yake mdogo, Justina, alikuwa ameshikwa na homa kali, naye akakaa kando ya kitanda chake hospitalini Bariadi huku mvua ikinyesha na majani yakiota. Nusu ya shamba ilikuwa safi. Nusu ya pili ilikuwa aibu.

Mwenyekiti Elia, ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa limelimwa kwa ng'ombe wa Mahona, akakohoa. "Jumamosi nitakuja kukagua. Nikikuta shamba la mvivu, nitawaandikia maafisa wa mpango, waamue wao."

"Njoo," akasema Nyanjige, ghadhabu ikiutangulia ulimi. "Hutaona jani hata moja."

Alipofika nyumbani akaliona shamba kwa jicho la mwenyekiti. Majani yalikuwa yamefika kifuani mwa pamba. Yeye na binti aliyetoka kuugua wangefika wapi kabla ya Jumamosi? Na ruzuku ikikatwa kabla ya mavuno, hakuwa na shaka mlango utakaomfungukia ni upi. Akilini alimwona Mahona amesimama pale, debe la pumba mkononi, akimpokea bila kinyongo. Ni ule upole aliouchukia kupita yote.

Akajifunga kanga, akaenda kwa Kwandu.

Kwandu alikuwa kiongozi wa kikundi cha vijana na wazee wanaolima kwa ngoma: mmoja anapiga, wengine wanainua na kushusha majembe kwa mdundo mmoja, na mwenye shamba anawalisha. Alimkuta akikaza ngozi ya ngoma kwa meno na vidole.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Karibu. Nimesikia umemnyoa Mahona bila maji."

"Jumamosi nawataka shambani kwangu."

Kwandu akaachia kamba. "Jumamosi nimemwahidi huyohuyo Mahona."

"Mwaka jana aliwalisha nini?"

Uso wa Kwandu ukakunjamana. Kijiji kizima kilijua. Dume la Mahona lilikufa lenyewe zizini, hakuna aliyejua kwa maradhi gani, naye akalipika, akawaandalia watu waliolima tangu alfajiri. Waliokuwa Waislamu miongoni mwao waliinuka na njaa yao. Waliosalia walitafuna huku wakitazamana. Na Mahona aliwacheka: vibarua gani hawa, wanachagua nyama kama wakwe!

"Mimi nina beberu," akasema Nyanjige. "Mtamwona akiwa hai. Swedi fundi cherehani atamchinja kwa jina la Mungu mbele yenu, kila mtu ale bila shaka moyoni."

"Si ndiye beberu uliyesema ni wa sare za Justina, aingie kidato cha kwanza?"

"Ndiye."

"Mayu..."

"Ndiye, nimesema! Kwa hiyo mlime kwa nguvu."

Kwandu alikuwa mtu wa ahadi. Jioni ileile alikwenda kwa Mahona kumwuliza safari hii watakula nini. Mahona hakunyanyuka kitini. "Mtakula mtakachokikuta," akamjibu. Kwandu akamshukuru mzee huyo kwa adabu zote, "Wabeja sana, namhala," akarudi zake, na ahadi ile akaiona imekwisha kufunguliwa na aliyeifunga.

Jumamosi ngoma ililia kabla ya jua. Majembe yakapanda pamoja, yakashuka pamoja, ardhi ikagunaguna. Nyanjige alikuwa mstari wa mbele, kanga kiunoni, akiyapiga majani kama anayelipiza kisasi, na kweli alikuwa akilipiza. Justina alipita na ndoo ya maji na bakuli la michembe, viazi vikavu vya kutafuna. Kwandu akaanzisha wimbo aliokuwa ameutunga njiani:

*Dume limelala zizini, nani kaliimbia usingizi?*

Wakaitikia kwa vishindo:

*Mwenyewe kalibembeleza, akatuita tuamkie sufuria!*

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali Mahona alipotokea, mwenyekiti nyuma yake. Alikuwa akihema.

"Kwandu! Leo ni siku yangu!"

"Ilikuwa yako, namhala. Uliniambia tutakula tutakachokikuta. Tumekikuta huku."

Ngoma haikunyamaza. Mwenyekiti akaingia shambani, akapita mstari baada ya mstari, akiinama, akiinuka. Pamba ilikuwa imesimama peke yake kwenye udongo mweusi, majani yaliyong'olewa yakinyaukia juani. Alitafuta. Kila mtu alimwona akitafuta.

"Safi," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Safi nini?" Mahona akapiga fimbo chini. "Si yeye aliyelima! Amelimiwa na watu!"

Nyanjige akajinyoosha, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Na lako, Baba Mahona, huwa unalilima mwenyewe?"

Kicheko kilichozuka hapo kiliizidi ngoma. Mwenyekiti alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Akacheka hadi akashika magoti. Alipotulia akasema kwa wote kusikia: "Sina barua ya kuandika. Jina linabaki."

Mahona akasubiri kelele zipungue. Shamba lake lilikuwa kubwa, na majani hayamwogopi mtu kwa ng'ombe wake. "Basi Jumatatu mje kwangu," akasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa amri kamili.

"Tutakuja," akajibu Kwandu. "Fedha mkononi kabla jembe halijagusa udongo. Na mnyama tumwone akija kwa miguu yake."

"Mtanifilisi!"

"Uliza kina mama kama wana njaa ya kuja bure. Mwaka huu hawana."

Mahona akamtazama Nyanjige kama mtu anayemtazama mwizi wake. Kisha, kwa ulimi mzito, akauliza wanataka fedha kiasi gani.

Wengine waliona huo ndio ushindi, wakapiga vigelegele. Nyanjige hakupiga. Alikuwa akimfikiria Martha, binti yake mkubwa, aliyeacha shule ili washikane mikono katika shamba la mtu huyu, akaozwa kabla hajajua kuandika barua vizuri. Kama fedha hii ndogo ya ruzuku ingekuja mapema! Bei aliyokuwa akiiuliza Mahona leo alikuwa na uwezo wa kuilipa miaka yote ile. Hakuilipa kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkatalia. Mola alikuwa ameyaona. Nyanjige naye aliyaona, wala hakuwa tayari kuyasamehe kwa sababu ya Jumamosi moja.

Moshi wa nyama ya beberu ulikuwa umeanza kupanda uani. Sare za Justina zilikuwa ndani ya sufuria ile. Zingengoja pamba ipimwe, na safari hii pamba ingekuwepo.

Akaona shina la ndago lililosahauliwa kando ya mguu wa Mahona.

"Nipishe," akamwambia.

Mahona akasogea. Nyanjige akainua jembe, akachimba hadi kwenye kiazi chake, akaling'oa lote.