Pua Mpya ya Chuma

Kiwandani walimwita Chuma kwa sababu alisimama pale ambapo wengine walikimbia. Kazi yake ilikuwa kwenye mabwawa ya chokaa, ngozi mbichi zinapolowekwa mpaka manyoya yaachie, na harufu ya pale ilimfukuza mtu kabla hajafika mlangoni. Chuma hakusikia kitu. Alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka hadi puani. Walimshona angali mchanga, mdomo ukafunga vizuri, lakini pua ikakua imelala upande, tundu moja limeziba kabisa na la pili likipitisha hewa kwa kuibia. Kwa pua hiyo hiyo akapanda cheo, akawa msimamizi wa mabwawa, akapewa na nyumba ndani ya ua wa kiwanda. Wenzake walimtania kwamba Mungu akikunyima pua hukupa paa.

Aliyechoka ni mkewe. Chuma alilala akikoroma, kisha kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Mama mkwe, aliyekaa nao, alisema ipo siku kimya kile hakitakwisha. Basi mke akamburuta mpaka hospitali ya rufaa, na daktari wa upasuaji, mama mmoja wa maneno machache, akawaeleza kwamba ukuta wa katikati ya pua umevutwa ukapinda, hauna nguvu ya kusimama. Angeunyoosha, kisha auegemeze kwa kipande cha gegedu, ule mfupa laini, atakachokikata ubavuni. Mkewe akasema afadhali, safari hii ubavu unabaki kwa mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku walipomtoa vibao vya plastiki vilivyoushikilia ukuta ule, hewa iliingia baridi kwa matundu yote mawili, akahisi kichwa kimekuwa chepesi. Akasikia harufu ya sabuni mikononi mwa muuguzi. Alipoletewa chai aliiinamia tu, hakuinywa. Mkewe akalia. Daktari akamwonya asitie kitu chochote puani, iwe pamba au kitambaa, wala asiibane, mpaka ikomae.

Furaha ile iliwafikisha kwenye geti la kiwanda. Harufu ilimpokea kabla ya mlinzi. Alidhani kuna mnyama ameoza mtaroni, akamwuliza mkewe ni nini kile.

"Ni hapa, baba watoto," mkewe akamjibu taratibu. "Ndiyo kwetu."

Ndani ya nyumba harufu ile ilikuwa kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye sare za shule za wanawe. Akalitungua shati lake la kazi msumarini, akalinusa, akakaa kitandani nalo magotini.

"Ulikuwa unaisikia miaka yote hii?"

"Ningekuambia ili iweje? Wewe ulikuwa huisikii, na nyumba ni hii hii."

Kilichomkaba kuliko harufu yenyewe ni kule kujua kwamba nyumba nzima ilikuwa imebana pumzi kwa ajili yake, naye akitembea kifua mbele.

Aliporudi kazini alitapika nyuma ya mapipa ya chumvi. Wenzake wakasema Chuma kashika kutu. Akaenda kwa meneja kuomba ahamishiwe kwenye ngozi kavu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema atamhamisha mara tu akipatikana wa kushika mabwawa, kisha akamkumbusha, bila ukali, kwamba nyumba inakwenda na mabwawa. Chuma akamfikiria mama mkwe, ambaye hakuwa na pengine pa kwenda, na watoto ambao shule yao ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Akashukuru, akatoka.

Siku ya kurudi kliniki, daktari aliwaita wanafunzi wake waje waone pua ilivyosimama. Akamwuliza kama anapumua vizuri, na kama ananusa.

"Nasikia kila kitu, daktari."

Daktari akafurahi sana, na Chuma hakuwa na moyo wa kumharibia. Nje, kwenye ngazi za hospitali, alisimama akivuta hewa safi mpaka mkewe akamvuta mkono.

Watu walikuja kuijaribu kazi ile. Mmoja hakumaliza asubuhi. Mwingine aliondoka mbio na buti za kiwanda miguuni. Halafu akaja mwashi mmoja, mtu mzima, mikono mipana, ambaye kazi za ujenzi zilikuwa zimemkwamia. Chuma alimfundisha kwa upole, akampa upande unaopulizwa na upepo, akamgeuzia ngozi zile nzito. Mwashi alivumilia mpaka mchana, ndipo akaulaza mti wa kugeuzia ukingoni, machozi yanamtoka.

"Kaka, wewe unawezaje? Niliambiwa hunusi."

"Nanusa kama wewe."

"Sasa mbona hukimbii?"

Chuma akamwonyesha ng'ambo ya ua. Mkewe alikuwa anaanika nguo, na mama mkwe amekaa mlangoni anachambua mchele. Mwashi akawatazama, akamshika Chuma begani, kisha akaenda kuvua buti.