Koti la Baba wa Bwana Harusi

Ujumbe aliouacha Struan kwenye simu ulikuwa mfupi. Harusi ni saa nane mchana, kanisa dogo nje ya Dunkeld, anakaribishwa sana, na kuhusu mavazi, "vaa tu upendacho, usijisumbue." Murdo aliusikiliza akiwa amesimama jikoni, kisha akakaa akausikiliza tena. Maneno yenyewe hayakuwa na ubaya. Lakini mtu akiambiwa avae apendacho kwenye harusi ya mwanawe wa pekee, ana haki ya kujiuliza kama anahesabiwa mzazi au mgeni.

Maana kwa watu wa huko, jambo hilo halina utani. Wanaume wa upande wa bwana harusi huvaa sare, yaani yeye mwenyewe, msimamizi wake na baba yake. Hupimwa duka moja, hucheka vitambi vya wenzao, na siku ikifika husimama mstari mmoja, kilti moja, ile sketi nzito ya wanaume yenye mirabaraba, na koti moja. Wageni ndio huvaa wapendavyo.

Murdo alikuwa dereva wa lori la kumwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na sasa, baada ya kustaafu, alikuwa mtu wa Kingussie, mji mdogo wa milimani, anayekula peke yake. Mkewe, Ishbel, aliachana naye Struan akiwa bado wa chekechea, akahamia Perth na mtoto, akaolewa na Gregor, muuza mazulia mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Struan alikuja kwa baba yake likizo za kiangazi. Likizo zikawa wiki, wiki zikawa simu ya Krismasi. Hapakuwa na ugomvi wala mtu wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililomchosha Murdo kuliko yote, kwa sababu hata hasira hakuwa na pa kuipeleka.

Angeweza kwenda Inverness, ambako ni karibu zaidi, kutafuta koti. Alipanda treni ya Perth kwa sababu Struan aliwahi kutaja duka fulani huko, na Murdo alitaka kujua wenzake wamechukua nini, ingawa moyoni alijisingizia kwamba Perth kuna makoti mazuri zaidi. Kwenye begi alibeba kilti aliyoachiwa na baba yake, ya kijani na nyekundu, mirabaraba ya ukoo wao, nzito kama blanketi la farasi.

Mwenye duka aliitwa Senga, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni.

"Harusi saa ngapi, mzee wangu?"

"Saa nane mchana. Nilifikiria lile jeusi, la vifungo vya fedha, na tai ya kipepeo."

"Hilo ni la jioni. Ukilivaa saa nane watu watakuagiza vinywaji." Akachomoa pini mdomoni. "Mchana unavaa koti la sufu, kizibao chake na tai ndefu. Mkoba wa kiunoni uwe wa ngozi tupu, siyo wa manyoya. Hao wenye manyoya mchana mimi huwa nafumba macho. Haya, vaa kilti yako nikuone."

Alivaa nyuma ya pazia, akatoka akivuta huku na huku. Senga akamzunguka.

"Miguu bado unayo. Ila nyuma huku umekaa upande. Nani anakutazama nyuma, nyumbani?"

"Nyuma hakuna wa kunitazama."

"Ndiyo maana. Haya, piga magoti."

Ndivyo wanavyopima urefu: mtu akipiga magoti, upindo uguse sakafu kidogo tu. Murdo alipiga magoti. Upindo uligusa vizuri, tatizo likawa kuinuka. Senga akamshika kwapani akamnyanyua, na Murdo akaona aibu, si kwa sababu ya magoti, ila kwa sababu alikuwa amesahau mkono wa mtu unavyokuwa.

"Wewe ni nani wa bwana harusi?" Senga aliuliza huku akimpangua mikunjo ya nyuma. "Nisije nikakuvalisha kama binamu wakati wewe ni mtu mkubwa."

"Baba yake. Struan. Harusi ya Dunkeld."

Mikono ya Senga ikasimama. "Struan wa Dunkeld? Lakini baba yake alishakuja. Walikuja wote na vijana. Yule mcheshi, mwenye..." Alikuwa mwanamke mwerevu, na alielewa katikati ya sentensi yake mwenyewe.

"Huyo ni Gregor," Murdo alisema. "Ndiye aliyemlea."

"Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Hukukosea kitu. Wamechukua nini?"

Senga alimwonyesha: koti la kijivu, kizibao cha kijivu, kilti ya kijivu yenye mistari ya zambarau isiyokuwa ya ukoo wa mtu yeyote. "Siku hizi wanachagua ya kufanana na maua ya bibi harusi," alisema kwa kuomba radhi. Kisha akapunguza sauti. "La kipimo chako lipo. Seti nzima, hadi soksi. Ukitaka."

Murdo alilijaribu. Kwenye kioo alionekana mzee nadhifu, mwenye watu wake. Alijua kwamba akilichukua atakuwa anadai nafasi ambayo hakuitiwa. Alijua pia kwamba akienda na kijani chake atakaa benchi la nyuma na shangazi za watu, na kila atakayeuliza atajibiwa kuwa ni jamaa tu wa huko milimani. Alimlaza mtoto yule kifuani usiku wa homa. Alimfundisha kuogelea kwenye maji ya baridi yasiyosemeka. Je, hayo yote hayakutosha koti moja?

"Nalichukua," alisema. Senga akamkunjia kilti ya baba yake kwa karatasi laini, polepole, na hakumtania tena.

Siku ya harusi ilikuwa ya jua na upepo. Ibada ilikwenda vizuri. Murdo alichelewa kwa sababu ya treni, akaingia wimbo ukiwa umeanza, akasimama karibu na mlango, kwa hiyo hakuna aliyemwona hadi watu walipotoka nje kupiga picha.

Gregor ndiye aliyemwona kwanza. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha akacheka kicheko chake na kuja mkono mbele.

"Murdo! Tumevaa sare, bwana! Limekupendeza kuliko mimi, tumbo hili halina adabu." Alikuwa mtu mwema, kweli kabisa, na Murdo alitamani sana asingekuwa.

Mpiga picha, msichana mwenye kamera mbili na haraka nyingi, alikuwa akiwapanga watu kwenye ngazi za kanisa. "Bibi harusi hapa. Mama wote wawili, hapa na hapa. Wenye kijivu wote juu. Baba wa bwana harusi, simama kulia kwake tafadhali."

Gregor akapiga hatua. Murdo akapiga hatua. Wote wawili wakasimama.

"Mmoja tu," msichana alisema akicheka. "Baba ni yupi?"

Upepo ulikuwa unapeperusha shela, na Ishbel akajishughulisha kuishika. Gregor aliangalia viatu vyake. Struan alimtazama Gregor, akamtazama Murdo, na macho yake yakawa yale ya mtoto wa likizo akiwa stesheni, aliyeshikwa mkono na mama upande huu na baba upande ule, akingoja wakubwa waamue. Alifungua mdomo. Murdo akaona kwamba mwanawe atalijibu swali lile, kwamba jibu lolote litamharibia siku, na kwamba yeye, Murdo, ndiye aliyelileta swali lenyewe mpaka pale, limevaa kizibao na tai.

"Mimi mjomba," Murdo alisema kwa sauti ya juu, akicheka. "Baba ni huyo mnene."

Watu wakacheka. "Haya, mjomba," msichana akasema, "nenda pale mwisho, sogea kidogo tu, usimzibe mtoto wa maua."

Murdo akaenda pale mwisho. Kutoka hapo alimwona Struan vizuri. Aliona mabega ya mwanawe yakishuka, pumzi ikimtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo lilimuuma kuliko swali lenyewe, kwa sababu mzigo ulikuwa ni yeye. Alitabasamu kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama.

Picha zilipokwisha, watu wakaanza kuteremka ngazi kuelekea kwenye magari. Struan alipita karibu naye, akapunguza mwendo, akamshika mkono juu ya kiwiko na kuinamisha kichwa kana kwamba anatazama anapokanyaga.

"Asante, baba," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, ili mtu mwingine yeyote asisikie.