Kila Mtu na Mgonjwa Wake

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Siku wifi yangu Klara alipotuambia kwamba wazee wa mchumba wake wanakuja hapa kwetu Songwa kujitambulisha, nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Wali na nyama pikeni nyie. Vitamu niachieni mimi. Nitawapa vitu vya Kihindi, watasahau njia ya kurudia kwao."

Sikuwa najisifu bure. Nimekulia Nyasubi, Kahama, kwenye chumba cha uani nyuma ya duka la akina Mama Rupal. Yule mama wa Kihindi alinifundisha barfi, kulfi na gulabu jamuni kwa kunipiga vidole na mwiko kila nilipokosea. Lakini tangu niolewe, nilikuwa napika kwenye jiko la mama mkwe. Mume wangu Edson yuko machimboni Geita, anakuja na kuondoka, na mimi nimebaki na mama yake. Kwenye jiko la mwenzio hata chumvi unaomba. Nilikuwa nimechoka, nasema kweli. Nilitaka mafiga yangu mwenyewe.

Mama mkwe alilijua hilo vizuri. Akatabasamu.

"Sawa, Aneth. Wageni wakiomba kuongezewa hicho kitamu chako, nakupa jiko lako. Wasipoomba, habari za jiko zisitajwe tena humu ndani."

Nikajibu haraka, "Nimekubali!" Watu wote wakacheka, na hapo ndipo akili ikanirudia. Kwetu huku ukweni watu hula kwa adabu. Wanaonja kidogo, wanasukuma sahani, wanasema wameshiba hata kama njaa inawauma. Mtu mzima aombe kuongezewa nyumbani kwa wakwe zake? Angeona bora arudi kwao kwa miguu. Mama mkwe alikuwa amenifunga mchana kweupe.

Siku moja kabla ya wageni kufika nikajipa moyo, nikachukua maziwa ya asubuhi nikabandika sufuria. Kabla hata hayajapata joto, nilisikia sauti ya mama mkwe mlangoni.

"Maziwa ya Mbula hayaoni moto."

Mbula ndiye ng'ombe wake mpendwa. Mama mkwe alilelewa akiamini kwamba maziwa yakichemshwa, chuchu za ng'ombe hupasuka na maziwa hukauka. Hakuwa ananikomoa, aliogopa kweli. Ila barfi inaanza na maziwa ya kuchemsha mpaka yawe mazito, kulfi vivyo hivyo, gulabu jamuni ndiyo usiseme. Nikaenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, nikiuapiza mdomo wangu.

Machozi yalipoisha nikakumbuka shirikandi, kitamu kingine cha Mama Rupal. Siku moja umeme ulikatika Nyasubi, maziwa ya Mama Rupal yakachacha na kuganda yote kwenye friji. Mimi nilitaka kuyamwaga. Yeye akayafunga kwenye kitambaa, akayaning'iniza, na kesho yake tukala kitu ambacho sijawahi kukisahau. Moto haukuhusika hata kidogo.

Nikarudi ndani kwa mama mkwe.

"Mayu, maziwa ya mgando yanaona moto?"

"Hayaoni."

"Basi nipe kibuyu kabla hujakisuka."

Alisita, maana hapo alikuwa anapoteza samli yake. Mwisho akanipa. Nadhani alitaka nianguke vizuri.

Nilimimina mgando kwenye kitambaa safi, nikaufunga na kuuning'iniza kwenye boriti, na beseni chini. Maji yakadondoka usiku kucha. Asubuhi kilichobaki kitambaani kilikuwa kizito na laini. Nikatwanga sukari kwenye kinu mpaka ikawa vumbi, nikatwanga na iliki, nikachanganya, nikapitisha kwenye chujio. Zafarani ningeitoa wapi? Nikatumia karanga zetu za kukaanga, juu kabisa. Yale maji ya beseni nayo sikuyamwaga. Nikayatia chumvi, tangawizi na bizari nyembamba iliyokaangwa, nikayaweka mtungini yapoe.

Wageni walifika na jua la saa saba, vumbi mpaka kwenye kope. Nikawapa yale maji kwanza. Wakanywa, vikombe vikarudi vitupu. Chakula kikaja, wakala kwa adabu kama kawaida. Kisha nikapeleka shirikandi kwenye vibakuli.

Kiongozi wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Agnetha, mama mnene mwenye sauti ya mnadani. Alionja. Akafumba macho. Akamaliza, akakwangua bakuli, akalitazama muda mrefu. Nikaona adabu inapigana na ulimi.

"Mama Edson," akasema hatimaye, "nyumbani nina mgonjwa. Hali chochote. Hiki naona angekiweza. Naomba kidogo nimpelekee."

Nikamjazia bakuli. Mjomba wao akakohoa, akasema hata yeye ana mgonjwa. Mwingine ana wawili. Ghafla ukoo mzima ukawa hospitali. Na walipokuwa wanaondoka, Klara alinivuta dirishani: shangazi Agnetha amesimama nyuma ya mti wa mnyaa, kidole bakulini, anamlisha mgonjwa wake mdomoni mwake mwenyewe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe hakucheka.

"Hawakuomba wao," akasema. "Wamewaombea wagonjwa."

Nikachukua vyombo nikaenda kuosha. Jua lilikuwa linazama nilipomwona amesimama karibu yangu, mkono mmoja nyuma.

"Imebaki?"

"Kidogo tu. Kwani na wewe una mgonjwa, mayu?"

Kicheko kikamponyoka. Akautoa ule mkono, ulikuwa umeshika bakuli.

"Ninaye. Weka yote. Halafu mpigie mume wako simu, mwambie akitoka Geita asipitie popote. Ana jiko la kujenga."

Nilimkombea sufuria mpaka ikang'aa, kisha nikapiga kigelegele peke yangu pale uani, na Mbula akaitikia kutoka zizini.