Loki ya Mlango wa Nyuma

Mshonaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki gerejini, mkoba mapajani, akimngoja fundi umeme wa magari, ambaye kila mtu alimwita Waya. Tangu wiki iliyopita mlango wa nyuma wa gari lake kuukuu ulikuwa umegoma kujifunga kwa rimoti.

Waya aling'oa ubao wa ndani wa mlango, akachomoa kisanduku cheusi kinachoongoza loki, cha kutosha kiganjani, akakifunua chini ya taa.

"Mama, hebu njoo uone. Lehemu imepasuka hapa, na hapa. Gari likikaa juani hiki kinapata joto, kinachanganyikiwa. Unafunga, unaondoka zako, huku nyuma loki inajifungua yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Na si jambo la wiki moja. Kwa kutu hii, ugonjwa una mwaka na zaidi."

Mshonaji alihesabu miezi kwa vidole.

Mwaka uliopita alimtuma mdogo wake kwa gari hilihili kupeleka nguo za harusi, gauni la bibi arusi na za wasimamizi wanne, kazi ya miezi miwili. Mdogo mtu aliegesha, akaingia dukani kununua vifungo, na aliporudi kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hakuna kioo kilichovunjwa. "Nilifunga, dada. Niliisikia loki ikilia," aliapa huku machozi yakimtoka. Mshonaji hakutaka kusikia. Mbele ya mama wa bibi arusi na wateja waliojaa kibarazani alimwita mzembe, kisha, hasira zilipompanda, akamwita mwizi. Mdogo mtu alifungasha virago siku ileile. Tangu hapo walionana misibani tu, kwa salamu za juujuu.

Waya alichoma lehemu mpya, akakipuliza kisanduku kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka kikapata moto. Loki haikutikisika. "Imetulia kama maji mtungini!" akacheka. Mshonaji hakucheka. Aliliwasha gari, akaenda moja kwa moja kwenye duka la fotokopi alikokuwa akifanya kazi mdogo wake.

"Karibu," mdogo mtu alisema, kama anavyomkaribisha mteja yeyote.

Maneno aliyoyapanga njia nzima yakampotea, akasema tu, "Loki ilikuwa inajifungua yenyewe. Fundi kanionyesha leo. Ulifunga, mdogo wangu. Nimekukosea."

Mdogo mtu aligongagonga karatasi mezani mpaka zikalingana. "Mimi nilikwambia siku ileile, dada. Mimi niliyekula nawe sahani moja hukuniamini. Umekiamini kisanduku."

Mshonaji akakosa pa kuweka uso. "Niambie nifanye nini."

"Uliniita mwizi mbele za watu. Nenda kawaambie haohao, mmoja mmoja. Ukimaliza, njoo."

Alianza na mama wa bibi arusi. Alipokaribishwa kuketi alikataa, akasimama mlangoni, akasema, "Mdogo wangu hakuiba. Mimi ndiye niliyemsingizia."

Ilimchukua siku tisa kuwazunguka wote. Baadhi walikuwa wameshasahau, na hao ndio waliomuumiza zaidi, maana ilibidi kwanza awakumbushe.

Siku ya kumi alirudi dukani. Mdogo wake alimsogezea kigoda nyuma ya kaunta. Hakusema yameisha. Alisema tu, "Kaa, nimalizie kazi ya huyu mteja."