Kadibodi ya Upande wa Kulia

Wateja walimwita Fundi Milimita, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alitengeneza piano za hoteli, za makanisa na za shule, na popote alipopiga magoti na bisibisi yake watu walinyamaza kana kwamba wako mbele ya hakimu. Lakini mganga hajigangi. Piano ya sebuleni kwake ilikuwa imefungwa miaka kumi na saba, imetandikwa kitambaa, juu yake picha za familia na saa iliyokufa.

Jumamosi hiyo asubuhi binti yake alikuja kuipima kwa utepe. Alitaka kuihamishia kwake, maana mwanawe alikuwa ameanza kupenda muziki. Akainua kifuniko cha vibonye, kikagoma katikati, kikakwaruza ubao wa pembeni.

"Baba, kinakwama huku kulia."

"Miaka yote hiyo, hata wewe ungekwama," Fundi akasema, akaenda kuchukua mkoba wa vifaa.

Mkewe alikuwa kwenye kochi akishona kifungo cha shati. Hakuinua uso. Kuhusu piano ile mama huyo alikuwa na maneno machache, na yote alishayasema zamani.

Kisa chenyewe si siri. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, zimebaki siku nne afanye mtihani wa muziki. Alikuwa akipiga sauti nzito za chini kwa mikono yote miwili, mara kifuniko kikamwangukia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika, na kile cha mwisho hakijakunjika sawasawa hadi leo. Pembeni alikuwa amesimama mama yake mdogo, shemeji yake Fundi, mshona nguo aliyekuwa akiishi nao na kumfunulia binti kurasa. Maskini akasema, "Shemeji, sijakigusa. Kilikuwa kimesimama wima, hakikulala nyuma." Nani amsikilize? Fundi alikiinua kifuniko mbele ya wote, akakiachia polepole, kikasimama. "Mnaona? Kifuniko nilichofunga mimi hakianguki bila mkono wa mtu. Wewe mshona nguo, piano unaijulia wapi?" Wiki ile ile Fundi mwenyewe alikuwa amekifungua na kukirudisha. Shemeji alitoka na sanduku moja, na nyumba ya dada yake hakuikanyaga tena.

Haya. Sasa Fundi akatandaza taulo juu ya vibonye visije vikachubuka, akaanza kufungua skrubu za bawaba ndefu inayoshika kifuniko kwenye ubao wa nyuma. Kila skrubu aliilaza kwa mpangilio wake, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Upande wa chini wa kifuniko aliiona sahihi yake ya penseli na tarehe, kama alivyozoea kuandika kila amalizapo kazi. Hapakuwa na sahihi ya fundi mwingine. Jambo hilo likampendeza.

Akalegeza ubao wa nyuma. Kushoto ulitoka bila taabu. Kulia, kitu kikadondoka kwenye taulo. Ilikuwa kadibodi, imekunjwa mara mbili, imebanwa hadi imekuwa ngumu kama ukucha.

Aliijua kabla hajaikunjua. Huo ulikuwa mtindo wake, hakuiga kwa mtu. Anapolinganisha kifuniko huchomeka kadibodi mbili nyuma ya ubao, moja kila upande, mpaka nafasi iwe sawa toka mwanzo hadi mwisho, kisha huzichomoa na kukaza skrubu. Na ili asizisahau, kila moja huiandika neno kwa herufi kubwa. Akaikunjua. NITOE.

Akaikumbuka na honi. Siku ile alipokuwa akikirudisha kifuniko, dereva wa hoteli alikuwa nje, anapiga honi kama mwenye wazimu, wageni wanasubiri muziki. Fundi akachomoa ya kushoto, akakaza skrubu zote, akatia sahihi, akaondoka. Ya kulia ikabaki ikiusukuma ubao mbele, na kifuniko kikawa kinasimama wima badala ya kuegemea nyuma, kinangoja mtikisiko tu. Mshona nguo alikuwa ameona kwa macho matupu kitu ambacho Milimita hakukipima.

Alijichukia, hilo nitamtetea. Lakini binadamu ni binadamu: mkono ule ule ulioikunjua kadibodi ukaitia kwenye mfuko wa shati.

Akaendelea na kazi, na aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Safari hii alilinganisha kwa jicho na kwa ncha ya kidole, kadibodi hakuzitaka. Akakaza skrubu kidogo kidogo, akianzia katikati. Binti akapiga sauti za chini kwa nguvu, na kifuniko hakikutikisika.

"Kwani kilikuwa na nini?"

"Unyevu. Mbao huvimba."

Binti akakunja utepe wake. "Baba, kuna jambo. Mama mdogo anataka kuja kesho, kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya vidole vyangu. Anasema amechoka. Siku hizi hata yeye hana uhakika, labda kiwiko chake kilikigusa. Anataka tu aingie kwa dada yake kabla hawajazeeka."

Hapo ndipo angesema. Neno lenyewe lilikuwa moja, na lilishaandikwa.

"Yaliyopita si ndwele," Fundi akasema, kwa sauti ya mtu mkarimu. "Mwambie aje. Nitamsamehe."

Mkewe akakata uzi kwa meno. Akaweka shati chini, akamwendea mumewe, akaingiza vidole viwili mfukoni mwake, akaitoa ile kadibodi na kumpa binti.

"Nimemwona akiificha," akasema. "Nilikuwa namngoja aitoe mwenyewe."

Binti hakuhitaji kuelezwa. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimkatia baba yake kadibodi zile. Alisoma neno, akautazama ubao wa nyuma upande wa kulia, akakitazama kidole chake. Kisha akachukua simu.

"Mama mdogo, kesho usije. Hapana, hakuna aliyekukataa. Tunakuja sisi leo, mimi na mama. Na radhi usimwombe mtu."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

"Na gari la piano linakuja saa ngapi?" Fundi akauliza, akijitia hamnazo.

"Piano ibaki, baba."

Mlango ukafungwa. Fundi akaketi mbele ya vibonye, akavipiga vile vya chini kwa ngumi, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mikono yake ameiacha pale pale chini ya kifuniko. Kazi ilikuwa safi. Kifuniko kiliegemea nyuma, kikatulia, hakikuanguka.