Kijana Aliyeosha Kikombe

"Arobaini."

"Arobaini ya nini, Nanima? Ule mkono umeuona au hukuuona?"

"Mkono kila mtu anao. Nimesema arobaini."

"Anarusha mpira maili tisini na saba kwa saa!"

"Na gari la Daulat linakwenda mia. Nalo nilitafutie mke?"

"Gari langu liacheni," akasema Daulat, mdomo umejaa vitafunio vya chevdo.

"Basi punguzeni sauti, atatusikia."

"Asikie nini? Kiswahili kakijulia wapi, huko kwao kwenye mashamba ya ngano?"

Aliyekuwa anabisha ni Sikander, miaka ishirini na nne, shule aliitupa darasa la kumi na moja na hajawahi kuigeukia. Mwenye arobaini yake ni Zebunissa, mama wa mama yake, ndiye huyo Nanima, mzaliwa wa Tanga, sasa yuko Don Mills ghorofa ya kumi na nne. Zebunissa ni mshenga. Tangu Tanga mpaka Toronto ameshachunguza vijana wanaoposa, hawahesabiki, na neno lake likishatoka halirudi. Kushoto kwake amekaa Gulbanu, kulia Daulat. Hao bibi wawili ni kama mahakimu wadogo, kazi yao kula na kukubali.

Na anayepewa arobaini alikuwa jikoni. Bomba la maji lilikuwa linamwagika.

Ukimtazama Sikander ungedhani amekaa juu ya siafu. Ana haki. Pembeni kwenye kochi alikuwepo mkubwa wake wa kazi, Jennifer, fomu mapajani, anangoja atafsiriwe.

Tuseme ukweli mapema. Fujo yote hii kaileta Sikander mwenyewe.

Sikander anafanya kazi kwenye timu ya besiboli inayoitwa Herons. Sasa timu kubwa ya besiboli haiishii kwa wale unaowaona kwenye televisheni. Chini yake ina timu ndogo sita, zimejaa vijana karibu mia mbili, wote wanaota kupanda juu, na watakaopanda unawahesabu kwa vidole. Lazima watu wakae wawatazame, wawape alama. Alama zinaanzia ishirini, zinaishia themanini. Usiulize kwa nini siyo sifuri mpaka mia. Sikander aliuliza siku ya kwanza, wakamwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yameloa.

Walimweka kwenye chumba hakina dirisha, atazame video kutwa. Na jamaa ana jicho, usimchezee. Kijana akiinua bega tu, Sikander anajua mpira utapinda wapi. Tatizo ni maneno. Jennifer alitaka aya nzima kwa kila kijana, na Sikander akishaandika "Mzuri" au "Ovyo", amemaliza, hana lingine.

Ndiyo akawa anabeba kompyuta kwa bibi yake Jumapili, apate wali na utulivu. Siku moja Nanima anamenya mbaazi, jicho moja kwenye sinia, jicho moja kwenye video ya mpigaji mmoja.

"Huyu anakwepa macho ya mwalimu wake," akasema. "Wa namna hii alimposa binti wa Gulbanu mwaka sabini na nane. Siku tatu kabla ya ndoa tunasikia yuko Kisumu, ana mke."

Sikander hana aya. Akaiandika ile: *Anakwepa macho ya mwalimu. Ataondoka bila kuaga.*

Wiki mbili hazijaisha, yule kijana akatoka kambini hajamwambia mtu, akaenda kuuza boti kwa mjomba wake.

Jennifer akaja mpaka mezani kwa Sikander. "Umejuaje?"

"Nimeona tu," akadanganya. Uongo wenyewe mdogo, kama punje ya haradali. Ila unaijua haradali ikiingia kwenye mafuta ya moto.

Jumapili iliyofuata Nanima akasema mrushaji fulani anatupa glavu chini, atakuja kutupa sahani. Mwezi ukaisha, akampiga mwenzake ngumi kwenye foleni ya chakula. Kuhusu mwingine akasema huyu kalelewa na bibi, ataiva polepole lakini ataiva. Akaiva. Ofisini watu wakaanza kumwita Sikander nabii, na nabii akaitwa mkutanoni aeleze anapimaje. Akasimama mbele ya watu kumi na wawili, akasema, "Ni bibi yangu. Anaozesha watu."

Alijua hapo ndiyo basi. Akaanza kufikiria maboksi yake ayabebeje.

Wapi! Jamaa wawili wa hesabu, wana digrii mbili mbili kila mmoja, wakachangamka kama nyuki. Juma moja tu, fomu ya timu imebadilika. Zamani ilikuwa na mkono, mbio, macho, nguvu. Sasa wameongeza: *Mama yake, anampigia simu mara ngapi. Viatu mlangoni. Sambusa ya mwisho.* Kila kimoja ishirini mpaka themanini. Skauti mmoja, yaani msaka vipaji wa timu, mtu mzima, ana mvi, miaka thelathini anazunguka na saa yake ya kupimia mbio, alipigwa picha uwanjani Arizona ameshika sahani ya sambusa, analia.

Halafu Jennifer akamwambia Sikander hivi. Kazi ya skauti wa barabarani iko wazi. Gari la timu, hoteli, viwanja toka Florida mpaka British Columbia, mwisho wa kukaa kwenye kile chumba. Sikander hakulala vizuri wiki nzima kwa kuitamani. Sharti moja tu. Kuna mrushaji anaitwa Kowalchuk, miaka ishirini na moja, kutoka Saskatchewan, timu haielewi imweke au imwache. Yuko mjini kwa daktari. Apelekwe kwa bibi, apimwe kama inavyotakiwa, fomu iwekwe sahihi mbili, ya bibi na ya Sikander, alama zilingane. Zikilingana, Jumanne Sikander anapewa funguo.

"Na zisipolingana?" aliuliza.

"Hapo sina fomu, na kijana anabaki mpaka majira yajayo. Na mimi nitajua kwamba wewe na bibi yako ni vitu viwili. Ninayemhitaji ni yule mwenye bibi."

Basi Jumamosi Kowalchuk akaja. Januari ile, theluji magotini, kijana kavaa kaptula. Masikio makubwa, mekundu. Nanima hakujisumbua na jina, kuanzia mlangoni akawa Masikio. Viatu kavua, akavipanga vizuri, pua za viatu zinatazama nje. Gulbanu akatoa sabini. Akaulizwa kuhusu mama yake, akasema anampigia kila siku isipokuwa siku za mvua ya mawe, maana mama yuko shambani. Daulat akafuta machozi, sabini na tano. Sambusa akala tisa, ya kumi akaiacha, akasogeza sahani kwa mkubwa wa meza. Chatne ya pilipili ya Nanima, ambayo imeshavunja posa tatu, akailamba kwa kidole, akaomba tena.

Sikander moyoni tayari yuko barabarani, dirisha limeshushwa.

Mara Masikio akasimama, akachukua kikombe chake, akaingia jikoni, akafungua maji.

Ndiyo tulipoanzia.

"Kwa hiyo kosa lake nini?" Sikander akauliza. "Kaosha kikombe!"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema Nanima. "Huyu kajipa jembe hata saa haijaisha. Mtu akiosha kikombe nyumba ya watu siku ya kwanza, ana kitu anakifuta."

"Chai, Nanima! Anafuta chai!"

"Mwaka themanini na moja, kijana wa Moshi aliosha sufuria. Sufuria! Tukamsifu. Kumbe ana madeni mji mzima."

"Mimi yule nilimtilia shaka," akasema Gulbanu, ambaye hakumtilia.

Jennifer akainua kalamu. "Wanasemaje?"

Wazo likampita Sikander: atafsiri sitini, nani atajua? Lakini Nanima Kiingereza anacho, tena kizuri kuliko chake. Hakitoi tu kwa wageni. Kama vile amelisikia lile wazo, akanyoosha vidole vinne mbele ya uso wa Jennifer, na ngumi moja ya sifuri.

"Arobaini," akasema Jennifer, akaandika. Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi Jumatatu tunamwachia. Asante, mama."

Nanima akamgeukia mjukuu wake. "Anamwachia nani?"

"Masikio. Arobaini maana yake anafukuzwa. Anarudi kwao, besiboli imekwisha."

Hata Daulat aliacha kutafuna.

"Hiyo hukuniambia," akasema Nanima.

"Nilikwambia ni kazi."

"Kazi! Sisi tukimkataa kijana, tunasema nasibu haikuandikwa, tunampa na mishkaki ya kwenda nayo. Wiki ijayo anaposa mlango wa pili. Nimewakataa vijana mia, wote leo wana wajukuu. Nani alikwambia mimi nafukuza watu mjini?"

"Basi badilisha! Mpe sitini na tano, anayostahili."

Sikander alimjua Nanima, aliona kabisa jinsi lile jambo linavyozunguka kichwani mwake, linatafuta pa kutokea.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Leo nikibadilisha alama moja, kesho wote niliowakataa wanapiga hodi. Kuna Madatali wa Markham, nilimkataa mwaka sabini na mbili, mpaka leo nikimkuta jamatkhana baada ya sala ananiuliza kama nimefikiria tena. Ana miaka sabini na tano. Mke anaye."

"Kweli anauliza," akasema Gulbanu.

"Kwa hiyo mtoto wa watu aende kulima ngano kwa sababu ya Madatali?"

"Usinipandishie sauti, beta, mwanangu. Mimi macho yangu yameona arobaini. Wewe ya kwako yameona nini?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kumwuliza Sikander. Ofisini wanamwuliza bibi yako ameonaje.

Alikuwa ameona mipira elfu mbili na mia tatu ya Kowalchuk, mmoja mmoja, kwenye chumba kisicho na dirisha. Aliona Julai bega lilivyochoka akalificha. Aliona Agosti akajifunza kuupindisha ule wa polepole, akapigwa, akapigwa tena, akaendelea kuurusha huo huo mpaka wakashindwa kuugusa. Hakumpenda wala kumchukia. Masikio yenyewe yalimkera. Ila kitu kimoja tu Sikander anakijua hapa duniani, na alikijua vizuri kuliko watu wote kumi na wawili wa ule mkutano.

Masikio akatoka jikoni, mikono imelowa, anatabasamu, anauliza kwa Kiingereza kitambaa cha kukaushia kiko wapi. Wale bibi watatu wakamtazama. Akaogopa, akajipangusa kwenye kaptula.

"Hamsini?" akanong'ona Daulat.

"Arobaini," akasema Nanima, akachukua kalamu ya Jennifer, akaweka sahihi yake kubwa ya Kigujarati. Akampa Sikander kalamu. Hakumwangalia.

Jennifer akasogeza fomu. "Hapa chini tu."

Sikander akainama. Kwenye nafasi yake akaandika sitini na tano, akaikoleza mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye pale pa aya akaandika: *Mzuri.* Akasaini.

Jennifer akasoma, akamwangalia. "Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Hiyo si alama ya bibi yako."

"Ndiyo. Ni yangu."

"Basi sina fomu, na wewe huna gari. Sikander, futa. Nakupa dakika moja, futa uandike upya."

Masikio alikuwa anageuza shingo huku na huku, haelewi kitu, Gulbanu kamshika mkono kwa nguvu, anampa boksi la mishkaki ya kwenda nayo.

"Kijana anakaa mpaka majira yajayo?" Sikander akauliza.

"Anakaa. Wewe sijui."

"Sawa."

Akavaa koti, akaegemea ukuta akahangaika na kiatu kimoja mpaka kikaingia. Nanima akamwita kwa jina lake zima, mara moja, ile sauti ya kuitia watoto chakula. Sikander akageuza mgongo, akaenda zake kwenye lifti.